Siku 13 za kuruka visiwa: Honolulu, Majuro, Weno, Pohnpei, Guam

Assalaam aleikum jamani. Hii safari nimeifanya mwezi wa sita 2025 ila kuandika nimechelewa, kazi za zamu zilinibana, sasa nimekaa na daftari langu na picha zangu nikaona niiandike yote mara moja kabla sijaisahau.

Kwa wasonijua, kabla sijahamia huku Marekani nilikuwa mwandishi wa taarifa rasmi pale Baraza la Wawakilishi Chukwani, miaka saba kazi yangu ilikuwa kusikiliza waheshimiwa na kuandika kila neno linalotoka. Kwa hiyo mwengine akifika kisiwani anauliza ufukwe uko wapi, mimi nauliza baraza lao liko wapi. Na kwa miaka nilikuwa nasoma habari za jumuiya moja ya Pasifiki inaitwa APIL, ni jumuiya ya mabaraza ya kutunga sheria ya visiwa vya kule, imeanzishwa 1981 na ofisi yake iko Guam. Kilichonishika ni orodha ya wanachama: Palau, Nauru, Kiribati na Visiwa vya Marshall ambazo ni nchi kamili zenye viti Umoja wa Mataifa, halafu meza hiyohiyo wamekaa Guam, Samoa ya Marekani na Mariana ya Kaskazini ambayo ni maeneo yaliyo chini ya Marekani, na Hawaii ambayo ni jimbo la Marekani, na Chuuk, Kosrae, Pohnpei na Yap ambayo kila moja ni jimbo tu ndani ya Shirikisho la Mikronesia. Yaani Kosrae, kisiwa chenye watu wasiofika elfu kumi, anakaa na Hawaii. Mzanzibari yeyote anayekumbuka 1993 tulivyolazimika kujitoa OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, kwa sababu sisi si dola kamili ataelewa kwa nini jambo hili nililibeba moyoni muda wote huo.

Jumapili, Honolulu

Nimefika usiku wa Jumamosi kutokea Seattle. Asubuhi nikatembea hadi jengo la baraza la jimbo, la mwaka 1969, nguzo zake zimechongwa kama minazi, kumbi mbili za ndani zina umbo la volkano, na pembeni wamezungushia mabwawa kuwakilisha bahari. Uwanja wa katikati hauna mlango wala paa, unaingia tu kutoka barabarani. Nilikaa pale karibu saa nzima nikiangalia mbingu.

Kuhusu tiketi: ile ndege inayoruka kisiwa hadi kisiwa inaondoka Honolulu mara chache kwa wiki, inatua Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei, Chuuk kisha Guam. Nilinunua tiketi moja yenye vituo ndani yake, dola 1,640 kwenda tu. Ukinunua kipande kipande utalipa zaidi sana, usijaribu. Na beba dola za noti ndogo ndogo, visiwa vyote hivi vinatumia dola lakini kadi si kila pahala.

Jumatatu ambayo iligeuka Jumanne

Tumeondoka asubuhi Jumatatu, tukavuka mstari wa tarehe, tukatua Majuro asubuhi ya Jumanne baada ya saa tano tu za kuruka.

Mungu alinipa jirani mzuri. Mama wa makamo, shanga za kauri masikioni, kumbe alikuwa karani wa baraza moja la kule hadi alipostaafu. Nilipomwambia kazi yangu ya zamani akanishika mkono kabisa, tukaongea njia nzima. Akaniambia mkutano mkuu wa APIL unavyokwenda: kila baraza linakuja na maazimio yake, uvuvi, ndege, mambo ya afya, wanajadili, usiku makarani hawalali wanapiga chapa upya yale yaliyorekebishwa, asubuhi yanapitishwa. Lakini, akasema, azimio ni karatasi. Halimlazimishi mtu. Kazi yenyewe inaanza mjumbe akirudi kwao na kusimama mbele ya baraza lake kuomba liwe sheria, na huko anakuta bajeti, uchaguzi, watu wana yao. Yeye alikuwa na tabia moja, kila mwaka kabla ya safari anachukua maazimio ya mwaka uliopita anaandika kwa kalamu nyekundu pembeni: limefika wapi. Mwaka wa kwanza spika wake alikasirika, mwaka wa tatu akawa anaiomba mwenyewe hiyo karatasi.

Majuro kutoka juu ni kama utepe. Barabara moja, ukisimama katikati yake unaona bahari kuu upande huu na ziwa la ndani upande wa pili. Teksi ni za kuchangia kama daladala, unanyoosha mkono, dola moja, mnapakiana. Ziwa lile lilikuwa limejaa meli za uvuvi zimesimama zinahamisha samaki kwenda meli za barafu, nilihesabu kumi na nne halafu nikaacha.

Jumatano hadi Ijumaa, Majuro

Hapa ndipo ilipo ofisi ya zile nchi za Mkataba wa Nauru, mkataba wa 1982. Ni nchi nane, kisha Tokelau, visiwa vilivyo chini ya New Zealand, na karibu nusu ya sehewa wa dunia nzima anavuliwa kwenye maji yao. Zamani kila nchi ilikuwa inajiuzia leseni peke yake, meli za kigeni zinamshushia huyu bei zikimtishia kwamba zitakwenda kwa jirani. Wakakubaliana kuuza siku za kuvua badala ya leseni, idadi ya siku inapangwa kwa pamoja, na bei ya chini kabisa wakaiweka dola 8,000 kwa siku moja ya meli. Jirani hatishiwi tena kwa jirani mwenzake. Sisi nasi tuna Mamlaka ya Uvuvi wa Bahari Kuu pale Fumba inayounganisha Bara na Zanzibar, lakini ukitoka hapo ukatazama Komoro, Shelisheli, Msumbiji, samaki ni yuleyule anapita kwa wote na kila mtu ana mlango wake.

Alhamisi nikaenda Nitijela, yaani bunge lao, wajumbe 33, ndio wanaomchagua rais kutoka miongoni mwao. Dereva akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa nimesoma kwamba liliungua usiku mmoja mwezi wa nane 2024 ila kusoma na kusimama pale ni vitu viwili. Ukumbi ulikwenda, maktaba ilikwenda, na nyaraka zilikwenda. Hakuna aliyekufa, alhamdulillah. Dereva akazima gari, akasema mjomba wake alikuwa amehifadhiwa mle ndani, maana yake hotuba zake, alikuwa mjumbe zamani. Familia haina nakala. Nilikaa kimya. Nimeshika kurasa za namna hiyo miaka saba, najua mtu anavyokuja dirishani baada ya miaka ishirini kuomba alichosema baba yake siku fulani, na najua anavyoisoma palepale kabla hajaondoka.

Jioni nikamwandikia yule mama wa ndege, alikuwa amenipa namba. Akajibu kwamba ndiyo maana yeye kila azimio alilolipiga chapa nakala yake moja ilibaki Guam.

Chakula: jodari mbichi kila pahala, bei ya chini kuliko kuku. Mimi nilikula wa kukaanga na wali, dola 9, sahani inatosha watu wawili. Hoteli ilikuwa dola 135, ghali kwa chumba kilivyo, lakini hakuna nyingi za kuchagua. Wakati wa kuondoka nililipa dola 20 uwanjani, keshi.

Jumamosi, siku ambayo Pohnpei ilikataa

Kwajalein ni kambi ya jeshi la Marekani, kama huna kibali hushuki, wala usipige picha. Watu wengi walioshuka wanaishi Ebeye, kisiwa cha jirani, wanavuka kwa boti. Kosrae tukashushwa muda mfupi, mlima wa kijani umefunikwa na wingu, kijana mmoja akapanda na boksi la machungwa akagawa safu nzima bila kutujua.

Baada ya hapo mvua. Tulifika juu ya Pohnpei hatuoni kitu, rubani akajaribu mara ya kwanza akapandisha, mara ya pili akapandisha, kisha akatangaza kwamba tunapitiliza hadi Chuuk. Hakuna aliyelalamika, wenyeji walifunga tu mikanda vizuri na bibi mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikuwa nashuka Pohnpei, nina chumba nimelipia, Chuuk sina mtu.

Uwanja wa Weno, kisiwa kikuu cha Chuuk, ni mdogo. Jua linazama, abiria wanachukuliwa na jamaa zao, mimi nimebaki na begi na mtandio wangu unachuruzika maji. Akaja mwanamke mmoja, sketi ndefu ya maua hadi chini kama wanavyovaa wanawake wote wa pale, akaniuliza kwa Kiingereza, "Una mtu?" Nikasema sina. Akachukua begi langu. Hakuniuliza jina hadi tulipofika kwake.

Ushauri kwa watakaofuata: weka siku mbili za ziada kwenye ratiba yako, na usiwe na miadi muhimu siku inayofuata kutua. Ndege ikipitiliza utasubiri ile inayorudi upande wa pili.

Jumapili, Weno

Jumapili maduka yamefungwa, kisiwa kizima kiko kanisani au jikoni. Nilibaki na mama mkwe wa mwenyeji wangu nyuma ya nyumba na hapo nikaona kitu ambacho nitakikumbuka siku zangu zote. Shelisheli! Lilelile la kwetu. Wamelipika, wamelimenya, linawekwa juu ya ubao mpana mweusi kwa kazi ya miaka, na bibi ameshika mchi wa jiwe la matumbawe umbo lake kama kengele, anaponda, mkono wa kushoto anauchovya kwenye maji anakunja donge, anaponda tena, anakunja, hadi linakuwa laini linavutika kama unga wa maandazi uliokandwa sawasawa. Kisha anakata anafunga kwenye majani mapana. Tuliila na tui la nazi na samaki. Nikawaambia kwetu tunalikaanga au tunalipika kwa nazi mwezi wa Ramadhani, na nchi moja jirani yetu tunaiita kwa jina hilohilo. Walicheka, wakaniambia basi mimi ni mtu wa shelisheli, nimefika nyumbani.

Kaka wa mwenyeji wangu ni mvuvi. Nikamuuliza habari za papa, manake mwaka 2011 viongozi wa visiwa hivi walikubaliana Pohnpei kwamba waifanye Mikronesia nzima hifadhi ya papa. Akanieleza kwa vidole. Palau alianza 2009. Hawaii akapiga marufuku biashara ya mapezi 2010. Mariana ya Kaskazini na Guam 2011. Marshall mwaka huohuo mwezi wa kumi, karibu kilomita za mraba milioni mbili za bahari. Shirikisho lao wenyewe wakamaliza 2015. Nikasema mbona miaka mingi, akasema kwa sababu ni baraza baada ya baraza, na hadi wa mwisho apige kura wale wa mwanzo wamefunga bandari zao bure, meli inakwenda kushusha mapezi bandari ambayo bado iko wazi. Nikamwambia kwetu tuna wando, uzio wa fito wa kunasia samaki ufukweni, ukitoboka upande mmoja samaki wote wanatokea hapohapo. Akaomba nimchoree, nikamchorea mchangani.

Hili si la kusimuliwa kwangu. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Bara 2019. Miaka kumi na tatu. Nakumbuka waheshimiwa walivyokuwa wakiuliza barazani mbona mifuko bado iko sokoni Darajani, na jibu lilikuwa linafika kila siku na boti.

Usiku mwenyeji wangu akanipa kifurushi, kon (ndiyo wanavyoliita shelisheli la kuponda) limefungwa kwa majani na plastiki juu, akasema binti yangu yuko Guam, miaka minne hajala la nyumbani.

Jumatatu hadi Alhamisi, Pohnpei

Ndege ya kurudi nyuma ilinichukua, mara hii mbingu safi. Kifurushi kikaingia friza ya hoteli, dola 95 kwa usiku, wakakiandikia jina langu.

Makao makuu ya Shirikisho yako Palikir, mwendo mfupi wa gari kutoka Kolonia, msituni kabisa. Nguzo za majengo zimetengenezwa kufanana na mawe ya Nan Madol, ule mji wa kale uliojengwa juu ya maji ambao UNESCO iliuorodhesha 2016. Kongresi yao ina wajumbe 14 tu. Wanne wa miaka minne, mmoja kila jimbo, na kati ya hao wanne ndimo anamotoka rais. Kumi wengine miaka miwili. Hadi 2021 hakuna mwanamke aliyewahi kukaa pale, wa kwanza alikuwa Perpetua Konman wa Chuuk. Mlinzi aliniacha nikasimama mlangoni mwa ukumbi, viti vitupu, baridi ya kiyoyozi, nikatafuta kwa macho meza ya waandishi. Niliiona.

Nan Madol nendeni, mkiweza kwa kayak maji yakijaa. Utalipa kwa wenye ardhi zaidi ya mara moja njiani, mimi nililipa mara tatu, hela ndogo, usibishane, ni haki yao.

Jumatano jioni mwenye hoteli alinichukua kwa jirani yake kuona sakau, kinywaji chao cha mizizi. Sijainywa, nilikaa tu nikaangalia. Mizizi inapondwa juu ya jiwe pana linalolia kama kengele, inakamuliwa ndani ya ganda la mti wa jamii ya haibiskasi unaoota pwani, nyuzi ndefu zinazoteleza, mikono miwili inasokota hadi majimaji mazito yanadondoka kwenye kifuu. Kifuu cha kwanza ni cha mkubwa. Akaniambia mtu akikukosea kosa kubwa akaja na sakau, huwezi kumkatalia msamaha. Na akaniambia wajumbe wa visiwa vyengine wakija kwa mkutano, hawaanzi kuzungumza kabla ya kifuu.

Alhamisi usiku, Guam

Chuuk nikapita mara ya pili, dakika arubaini hivi, mwenyeji wangu alikuja hadi uzio wa uwanja akanipungia. Forodhani Guam niliandika kwenye fomu kwamba nina chakula kilichopikwa, ofisa akafungua plastiki, akanusa, akatabasamu, "kon?", akafunga. Chochote cha kuliwa kiandike kwenye fomu, usifiche.

Ijumaa, Hagåtña

Jengo la baraza la Guam ni dogo kuliko nilivyofikiri, maseneta 15. Lakini mji huu ndipo mwezi wa tatu 1949 wajumbe walipoahirisha kikao kwa hasira na kutoka nje, kwa sababu gavana, ambaye alikuwa mwanajeshi wa majini, alikataa kukubali kwamba baraza lina uwezo wa kumwita mtu ahojiwe. Habari zikafika magazeti ya Marekani bara, na mwezi wa nane 1950 ikasainiwa sheria iliyowapa uraia na serikali ya kiraia. Hadi leo hawapigi kura ya rais wa Marekani.

Mchana nikapanda gari hadi Dededo kumtafuta binti wa mwenyeji wangu. Anaishi na watoto watatu kwenye fleti ya chini, anafanya kazi ya usafi hoteli za Tumon. Ana ruhusa ya kuishi na kufanya kazi kwa ule mkataba wa ushirika wa 1986 kati ya Marekani na nchi yake, uliosasishwa 2024 kwa dola bilioni 7.1 za miaka ishirini kwa nchi tatu. Lakini hapigi kura Guam, si raia. Akanihadithia mtoto wake wa kati alivyozaliwa na ugonjwa wa moyo, na wakati ule watu wa mkataba walikuwa wamefutwa kwenye bima ya afya ya serikali ya Marekani, tangu 1996, wakarudishiwa Disemba 2020. Miaka ishirini na nne. "Seneta wangu yuko Weno," akasema, "hospitali yangu iko hapa. Nani amwambie nani?"

Nikamwambia kuna pahala wanakaa meza moja, wa Chuuk na wa Guam, kila mwaka. Akasema anajua, mjomba wake aliwahi kwenda, alirudi na fulana. Kisha akasema kwamba safari ile ndiyo mjomba alimwona mtoto hospitalini kwa macho yake, na aliporudi alilisema barazani kwao, akamtaja mtoto kwa jina. Imeandikwa mahali? nikamuuliza. Akasema hajui.

Tukafungua kifurushi. Alikata kwa uzi, si kwa kisu, kama bibi yake. Watoto walisimama wote watatu ukingoni mwa meza. Kabla sijaondoka alinipa jina la mjomba na mwaka anaokumbuka, nikaviandika kwenye daftari, na Jumamosi nikiwa uwanja wa ndege nasubiri kurudi Honolulu nikamtumia yule mama karani. Jibu lake liliingia tukiwa tumeshapanga foleni: nipe wiki mbili, nitatafuta.